Mtoto Asiye na Kura: Uhamisho wa Wachezaji Chipukizi na Umoja wa Klabu za Michezo ya Kigaeli Ireland

Huko Ireland, mzazi anayejaza fomu ya kumhamisha mwanawe wa miaka 13 kutoka klabu moja ya michezo ya Kigaeli kwenda nyingine anaigusa parokia nzima. Kocha anayeachwa huenda ndiye aliyemfundisha mtoto huyo kushika fimbo ya hurling, mchezo wa Kigaeli wa fimbo na mpira, akiwa na miaka sita. Katibu atakayelipokea ombi ni jirani anayekutana na mzazi dukani, kanisani na msibani. Fedha haimo katika jambo hili. Chama cha Michezo ya Kigaeli, kinachojulikana kwa herufi GAA, ni cha ridhaa kuanzia kiwanja cha kijiji hadi Croke Park, uwanja wa Dublin unaochukua watazamaji zaidi ya 82,000. Mchezaji anayeshangiliwa na umati huo Jumapili huamkia kazini Jumatatu, akiwa mwalimu, fundi umeme au mkulima. Hakuna mshahara, hakuna ada ya uhamisho, hakuna wakala. Kinachogombaniwa ni uaminifu, na ndiyo maana ugomvi wake huuma na hudumu.

Makala haya yanadai kwamba umoja wa klabu hizi ni wa kweli na unastahili kulindwa, ila umebebeshwa mtu asiyestahili kuubeba. Kanuni iliyokusudiwa kuzizuia klabu zisiporane wachezaji imegeuka kuwa deni analodaiwa mtoto. Kwa wachezaji wa chini ya miaka 17, wajibu huo unapaswa kurudi kwa watu wazima.

Tuanze na historia, kwa sababu watetezi wa mfumo wa sasa huzungumza kana kwamba klabu na parokia zilizaliwa pamoja. GAA ilianzishwa mjini Thurles, kaunti ya Tipperary, tarehe 1 Novemba 1884, katika mkutano ulioitishwa na Michael Cusack na Maurice Davin. Ireland ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, wakulima wakipambana na wamiliki wa ardhi, na parokia ya Kikatoliki ilikuwa karibu taasisi pekee ambayo Mwairishi wa kawaida aliiona kuwa yake. Chama kikajishikiza hapo, na kilifanya vyema. Lakini mabingwa wa kwanza wa kandanda ya Kigaeli, wa mashindano ya mwaka 1887, walikuwa Commercials wa Limerick, klabu ya wafanyakazi wa maduka mjini, watu waliounganishwa na ajira. Mabingwa wa hurling wa mwaka huohuo walikuwa watu wa Thurles, waliounganishwa na mahali. Mifumo miwili ya kuunda timu ilikuwapo tangu mwanzo. Kisha mwaka 1892 chama kiliiruhusu klabu bingwa ya kaunti kuchukua wachezaji wa klabu nyingine ili kuiwakilisha kaunti, na idadi ya wachezaji uwanjani ikashushwa kutoka 21 hadi 17. Ilifika 15 mwaka 1913 na haijabadilika hadi leo. Mchezaji alikuwa akihamahama kwa idhini ya chama chenyewe. Parokia ilishinda baadaye, kwa uamuzi wa watu waliokaa vikaoni, tena si kila mahali: kaunti nyingi za mashambani zinamfunga mchezaji kwa parokia anamokaa, ilhali Dublin haina kanuni hiyo.

Sheria yenyewe inasemaje? Kitabu cha kanuni cha GAA kinamhesabu mchezaji kuwa na wajibu wa kudumu wa utiifu kwa klabu yake ya asili, yaani ile ya kwanza aliyoichezea kihalali, na kwa kaunti yake. Uhamisho ndani ya kaunti huamuliwa na kamati za kaunti, kwa kufuata sheria ndogo ambazo kila kaunti inajitungia. Hoja inayokubalika zaidi ni kubadilisha makazi. Asiyeridhika hukata rufaa, na tangu mwaka 2005 kipo chombo huru cha usuluhishi kinachoweza kuzisikiliza kesi zilizoshindikana ndani ya chama.

Ukali huu una sababu, na mtu asiyeiona hatauelewa ubishi. Katika soka la kulipwa, kanuni za FIFA zinaitaka klabu inayomsajili kijana kuwalipa fidia ya mafunzo waliomlea. Klabu ndogo ikipoteza kipaji chake, angalau inaweza kupata fedha ya kununulia mipira au kutengenezea paa. Klabu ya Kigaeli haipati chochote. Miaka saba ya jioni za mvua, ya mama wa mtu kufua jezi 20 kila wiki, ya baba wa mtu kubeba watoto sita ndani ya gari moja, huondoka na mtoto bila hata senti kurudi. Mfumo usio na fidia ya fedha ulijenga fidia ya maadili: huondoki kwa sababu watu hawa walijitolea kwa ajili yako. Nauheshimu mfumo huo. Klabu zaidi ya 2,000 zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, ndani na nje ya Ireland, haziwezi kusimama kwa hisabati ya soko.

Ila hoja hiyo inamhusu mtu mzima. Mwaka 2022 Shane Walsh, nyota wa kandanda ya Kigaeli wa kaunti ya Galway, aliondoka Kilkerrin-Clonberne na kujiunga na Kilmacud Crokes, klabu kubwa ya kusini mwa Dublin, na Januari 2023 akatwaa nayo ubingwa wa klabu wa Ireland nzima. Wengi waliukosoa uhamisho ule, wengine wakautetea, na pande zote mbili zilikuwa na la kusema, kwa kuwa aliyehama alikuwa mtu mwenye akili zake, sauti yake na sifa zake. Aliupima uaminifu wake mwenyewe akaamua. Mtoto wa miaka 13 hana hata kimoja kati ya hivyo.

Hapa kazi ya mwanauchumi Albert Hirschman inatusaidia. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 alieleza kwamba mwanachama asiyeridhika na taasisi yake ana njia mbili: kuondoka, au kubaki na kupaza sauti. Uaminifu, kwa Hirschman, ni nguvu inayochelewesha kuondoka ili sauti ipate muda wa kufanya kazi. Uaminifu una thamani pale tu ambapo sauti ipo. Sasa tuitazame klabu ya Kigaeli. Mwanachama wa chini ya miaka 18 ni mwanachama wa vijana. Hapigi kura katika mkutano mkuu wa mwaka, hamchagui mwenyekiti, hana neno juu ya nani awe kocha wake. Njia ya sauti imefungwa na katiba ya chama. Kanuni ya uhamisho inafunga na njia ya pili. Kinachobaki kinaitwa uaminifu, lakini kwa maana ya Hirschman hakiwezi kuitwa hivyo, kwa sababu hakuna sauti kinayoisubiri.

Ubaya unazidi ukiangalia umri mfumo unapoanza kubana. Kwa watoto wadogo, GAA ina utaratibu mzuri sana uitwao Go Games: hadi karibu miaka 12 hakuna kombe la kugombea, na kila mtoto aliyefika anacheza mchezo mzima. Ni ahadi ambayo vyama vingi vya michezo duniani havijathubutu kuitoa. Kisha mtoto anaingia daraja la chini ya miaka 13, halafu 15. Ligi na mataji yanaanza, kocha anachagua kikosi. Aliyekuwa akicheza kila Jumamosi anajikuta anasugua benchi. Anavaa jezi kamili, anapasha misuli joto na wenzake, anakaa, anavua jezi safi kama alivyoivaa. Klabu imeifuta ahadi yake kwa mtoto, huku kanuni ikidai ya mtoto kwa klabu iendelee. Mkataba unaovunjwa na upande mmoja hauwezi kuendelea kuubana mwingine.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu linatoka mashambani, nami nalipa uzito wote. Leitrim, kaunti yenye watu wachache kuliko zote katika Jamhuri, ilikuwa na wakazi zaidi ya 150,000 mwaka 1841, kabla ya Njaa Kuu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta karibu 35,000. Chukulia parokia moja ya huko yenye wavulana 11 wa kati ya miaka 13 na 15, na mashindano ya kaunti yanaruhusu timu za wachezaji tisa. Wawili wakihama, timu inabaki bila mtu wa akiba. Wakihama watatu, hakuna timu. Wale wanane waliobaki, ambao hawakuomba kwenda popote, nao wamepoteza mchezo, na baada ya miaka minne klabu ya wakubwa haitakuwa na wa kumpandisha. Kuondoka kwa mmoja kunamgusa kila mwingine, kwa hiyo uhamisho hauwezi kuwa haki binafsi isiyo na mipaka. Anayesema mzazi ampeleke mwanawe popote atakapo hajaishi mahali ambapo watoto 11 ndio kizazi kizima.

Lakini tazama pingamizi hilo linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba wanane wale wana haki ya kucheza. Halithibitishi kwamba watatu walazimishwe kubaki ili wawachezee. Njia nyingine zipo, na chama kinazitumia tayari: klabu mbili jirani zinaweza kuunda timu moja ya vijana, kila mtoto akibaki mwanachama wa klabu yake na kurudi kuichezea atakapokua. Wazee wa klabu wengi huipinga timu ya namna hiyo kwa uchungu, kwa sababu jirani ndiye mpinzani wa miaka mia. Nauelewa uchungu huo. Hata hivyo, mtu anayekataa timu ya pamoja kisha anamzuia mtoto kuhama anataka watoto walipe gharama ya ushindani wa babu zao.

Leitrim ina funzo jingine. Mwaka 2002 familia ya Wakurdi iliyotoka kambi ya wakimbizi nchini Iraq ilihamishiwa Carrick-on-Shannon. Mtoto wao, Zak Moradi, alikutana na hurling huko. Baadaye familia ilihamia Tallaght, Dublin, naye akachezea klabu ya Thomas Davis, lakini aliendelea kuiwakilisha Leitrim, na mwaka 2019 alikuwamo katika timu ya kaunti hiyo iliyotwaa Kombe la Lory Meagher katika Croke Park. Hakuwa na babu katika parokia ile wala jina lake katika picha za ukutani. Alihama klabu, na Leitrim haikumpoteza. Mapenzi yake kwa kaunti ile yalitokana na namna alivyopokelewa alipokuwa mgeni, na hayakuhitaji kanuni ya kuyalazimisha. Ireland ya leo ina watoto wengi waliozaliwa na wazazi wa Kinigeria, Kipoland au Kibrazili. Kwa mtoto kama huyo klabu ya asili ni ile iliyomkaribisha.

Basi kanuni iweje? Kwanza, adhabu imwendee anayeshawishi. Kocha au mzazi wa klabu kubwa anayemnyemelea mtoto wa jirani kwa sababu ni mrefu na ana mguu mzuri wa kushoto afungiwe yeye, na timu yake isiruhusiwe kumtumia mtoto huyo katika mechi za ubingwa za msimu huo. Mtoto aendelee kucheza ligi ya kawaida. Hapo ndipo uporaji unapokomeshwa, kwa kuwa hakuna anayepora asipopata kombe. Pili, mtoto asikilizwe. Ireland iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1992, na ibara yake ya 12 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Mkataba huo unabana dola, haubani kamati za michezo moja kwa moja, lakini chama kinachofundisha mamia ya maelfu ya watoto hakipaswi kuwa nyuma ya dola yake. Tatu, mzigo wa uthibitisho ubadilike: klabu inayokataa ndiyo ieleze kwa nini mtoto abaki, na si mtoto aeleze kwa nini aondoke.

Nafasi ya kuyaandika haya iko karibu. Wasichana wa Ireland wana vyama vyao, kile cha camogie (hurling ya wanawake) cha mwaka 1904 na kile cha kandanda ya wanawake cha mwaka 1974, na kamati iliyoongozwa na rais wa zamani wa nchi, Mary McAleese, ililenga mwaka 2027 kuwa mwaka wa kuviunganisha na GAA. Vyama vitatu vikiwa kimoja, vitabu vitatu vya kanuni vitalazimika kufunguliwa. Sura ya uhamisho wa watoto iandikwe upya wakati huo, kabla ya desturi ya upande mmoja kunakiliwa na kupewa pande zote.

Na kamati ya kaunti inapokaa kusikiliza ombi la mtoto wa miaka 13, swali la kwanza liende kwa klabu inayomng'ang'ania: msimu uliopita alicheza dakika ngapi? Klabu ilete karatasi za vikosi vya mechi zake. Ikionekana kwamba alichezeshwa kama wenzake, kamati iulizie kama kuna mkono wa mtu mzima uliomvuta, na iwape wazazi na kocha muda wa kuzungumza kabla ya kuamua. Ikionekana kwamba alikaa benchi tangu Machi hadi Agosti, au kwamba klabu haikuweka kumbukumbu yoyote, ombi likubaliwe siku hiyohiyo, ili awahi mazoezi ya wiki inayofuata.