Jinsi skrini ndogo hufundishwa kutambua mguso wa kidole

MTU anapobonyeza kitufe kilichochorwa kwenye skrini ya kugusa, hudhani kwamba kitufe chenyewe ndicho kilichohisi kidole chake. Ukweli ni kwamba mchoro huo hauhisi chochote.

Skrini ya aina hii ni vifaa viwili vilivyobandikwa pamoja. Chini kuna kioo kinachoonyesha picha, na juu yake pana utando mwangavu unaopima mahali palipoguswa. Kimoja hakijui lolote kuhusu mwenzake. Kazi ya kuvipatanisha huachiwa mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, pamoja na programu iliyoandikiwa chipu hiyo.

Kazi hiyo ikifanywa ovyo, hasara yake huonekana. Chukua mfano wa mashine ya kuangulia vifaranga, ambayo joto lake hutakiwa kuwa takriban nyuzi 37.5. Mfugaji akigusa kitufe cha kupunguza joto, nayo mashine ikasoma kitufe jirani cha kuongeza, mayai yote huenda yakaharibika.

Chimbuko

Wazo la kugusa skrini si geni. E.A. Johnson, aliyekuwa katika kituo cha utafiti wa rada cha Malvern, Uingereza, alichapisha maelezo yake mwaka wa 1965. Katika miaka ya 1970, Sam Hurst wa Marekani na kampuni yake ya Elographics waliendeleza aina inayotegemea ukinzani wa umeme.

Ubao wa Arduino, ulioanza mwaka wa 2005 mjini Ivrea, Italia, uliwarahisishia wanafunzi na mafundi kazi ya kuunda mitambo midogo ya kielektroniki, ikiwemo yenye skrini za aina hii.

Inavyofanya kazi

Utando wa ukinzani una matabaka mawili yaliyopakwa kemikali angavu inayopitisha umeme. Vinundu vidogo mno huyatenganisha. Kidole kinapobonyeza, tabaka la juu hupinda na kugusana na la chini.

Katika utando wa nyaya nne, mikrokontrola hupitisha umeme kutoka ukingo mmoja wa tabaka la kwanza hadi ukingo wa pili, kisha hupima volti inayofika kwenye tabaka lingine. Volti ikiwa nusu ya ile iliyotiwa, kidole kiko katikati. Baadaye matabaka hubadilishana kazi ili ijulikane pia kidole kiko juu au chini kiasi gani.

Arduino Uno hugeuza volti hiyo kuwa nambari kati ya 0 na 1023. Chipu maalumu ya XPT2046, inayowekwa kwenye skrini nyingi za bei nafuu, hutoa nambari kati ya 0 na 4095. Lakini picha yenyewe huwa na vitone, au pikseli, 320 kwa 240. Hapo ndipo usawazishaji unapohitajika.

Programu huchora alama karibu na pembe za skrini, mtumiaji akazigusa moja baada ya nyingine. Alama tatu zinatosha kurekebisha utando uliobandikwa kando kidogo au uliopinda.

Tuseme ukingo wa kushoto unasoma 150 na wa kulia 900. Mguso unaosoma 525 hupunguzwa 150, ukazidishwa kwa 320, kisha ukagawanywa kwa 750. Jibu ni pikseli ya 160, katikati kabisa.

Mtego umejificha papo hapo. 375 mara 320 ni 120,000, ilhali nambari ya kawaida kwenye Uno haipiti 32,767. Asiyetumia aina ya nambari kubwa zaidi atapata jibu la uongo, na mashine haitamwonya.

Tahadhari

Usomaji mmoja haufai kuaminiwa, kwani kidole kinapogusa au kuondoka volti huyumba. Ni afadhali kusoma mara kadhaa na kuchukua nambari ya kati baada ya kuzipanga. Matokeo ya usawazishaji nayo yahifadhiwe katika kumbukumbu isiyofutika umeme ukipotea.

Uno hutumia volti 5, ilhali skrini nyingi hustahimili volti 3.3 pekee kwenye nyaya zake za mawasiliano. Bila kifaa cha kupunguza volti, skrini yaweza kuungua.

Aina nyingine, iliyozoeleka katika simu tangu iPhone ilipotoka mwaka wa 2007, huhisi badiliko la chaji ya umeme kidole kinapokaribia. Haihitaji kubonyezwa kwa nguvu, na chipu yake hukokotoa mahali pa mguso yenyewe. Hata hivyo, mara nyingi haitambui kidole kilichovaa glavu za kawaida, na matone ya maji huitatiza. Ile ya ukinzani hukubali glavu na hata kijiti butu, ingawa hukwaruzika upesi na kufifisha picha.

Kwa mashine kama ile ya vifaranga, mguso pekee usipewe mamlaka yote. Programu iwe na kiwango cha juu na cha chini ambacho kidole hakiwezi kukivuka, vitufe viwe vikubwa na vilivyoachana, na kila badiliko la joto lithibitishwe kwa mguso wa pili kabla ya kutekelezwa.