Wilco na sahani 11 za albamu iliyokataliwa

Test zilinibana kidogo, ila leo nawaletea historia, tena siyo ya Maji Maji. Ni ya albamu ya roki.

Basi bwana, bendi ya Wilco ya Chicago, Marekani, ilimaliza Yankee Hotel Foxtrot mwaka 2001. Jina wamelitoa kwenye redio ya masafa mafupi, kuna mwanamke anarudiarudia maneno hayo matatu kama roboti. Lebo yao, Reprise, ikasikiliza kazi ikaigomea. Wakaachana, bendi ikaondoka na albamu yake. Septemba 18, 2001 wakaiweka kwenye tovuti yao watu wasikilize bure. Aprili 2002 ikatoka rasmi kupitia Nonesuch, ikaingia moja kwa moja namba 13 kwenye chati ya Billboard. Hapa ndipo huwa nacheka: Reprise na Nonesuch mama yao alikuwa mmoja, AOL Time Warner. Yaani mzee kamlipia ng'ombe yule yule mara mbili!

Septemba 2022 Nonesuch wakaitoa upya kutimiza miaka 20, toleo kubwa: sahani 11 za santuri na CD 1. Msidhani ni nyimbo zile zile zimevalishwa suti. Albamu yenyewe ina nyimbo 11 tu, zinatosha sahani mbili. Kwingine humo kumejaa rasimu na majaribio ya studio, wimbo mmoja unausikia kwa sura hata tatu, na kuna shoo ya St. Louis ya 2002. Februari 2023 ikachukua Grammy ya albamu bora ya kihistoria. Watu wa historia tujipigie makofi.

Kilichonigusa mimi ni Jay Bennett. Huyu aliandika nyimbo nyingi za albamu ile pamoja na Jeff Tweedy, kiongozi wa bendi, halafu akatolewa kwenye bendi 2001 kabla hata haijatoka. Filamu ya Sam Jones ya 2002 ilimwonyesha akibishana na Tweedy kuhusu kuchanganya sauti, na wengi tulioitazama tukabaki tunamwona msumbufu tu. Kwenye rasimu unakutana na mtu mwingine kabisa, fundi anayejaribu hiki na kile mpaka wimbo ukae. Kazi ya mwisho ya kuchanganya sauti ilifanywa na Jim O'Rourke, na mengi yaliyojaribiwa mwanzo hayakufika dukani.

Ila jamani, nyaraka hizi zimechaguliwa na upande uliobaki. Bennett alifariki Mei 2009, ana miaka 45, hakuulizwa kipi kiingie. Hata hivyo ningekuwa mwalimu wa semina, rasimu zile ningezipa alama nyingi kuliko filamu, maana kwenye filamu kuna mtu anakata na kuunga ili kisa kinoge.

Santuri zenyewe sijazigusa, boom halitoshi, nimesikiliza kwa intaneti. Mwenye mashine ya santuri hapa chuoni anitafute, soda juu yangu.