Kinyanyuzi kilichozishinda brashi

Kati ya mwaka 2012 na 2014, wagonjwa 32 wa hospitali ya Virginia Mason mjini Seattle, Marekani, walikutwa na bakteria wa aina moja, E. koli sugu kwa dawa nyingi. Wote walikuwa wamepitishiwa mdomoni duodenoskopu, mpira mrefu wenye kamera unaoshuka hadi mwanzo wa utumbo mwembamba ili daktari afikie mifereji ya nyongo na kongosho. Kumi na mmoja kati yao walifariki. Wengi walikuwa na maradhi mazito tangu awali, kwa hiyo si rahisi kusema yupi aliondoka na nini. Swali la kwanza likawa lile lile la siku zote: aliyeosha ni nani?

Wachunguzi wa afya walikagua chumba cha kuoshea vifaa, wakakuta watumishi wamefuata maelekezo ya mtengenezaji hatua kwa hatua.

Ili kuona tatizo lilianzia wapi, inabidi turudi nyuma. Tangu mwanzo, waliobuni vifaa vya kuchungulia ndani ya mwili walihangaikia mwanga. Usafi ulikuja baadaye. Philipp Bozzini wa Frankfurt alitumia mshumaa na vioo mwaka 1806. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul, huko Freiburg, alitaka kushusha bomba gumu hadi tumboni, akamtafuta mtu ambaye koo lake lilishazoea mambo hayo: mcheza mazingaombwe aliyemeza mapanga. (Sijui kama leo kamati yoyote ya maadili ya utafiti ingempa kibali.) Ukombozi ulipatikana mwaka 1957, pale Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Michigan, alipotumia nyuzi za kioo zinazopinda na mwanga wake. Mpira wa kwanza aliumeza mwenyewe, ndipo akamwingizia mgonjwa.

Kilichompa mgonjwa nafuu kooni kikamtia taabu muoshaji. Bomba la chuma unaliweka kwenye otoklevu, mvuke unamaliza kazi. Mpira wenye gundi, nyuzi na lenzi hauvumilii joto hilo. Inabidi uoshwe kwa mkono, usuguliwe kwa brashi ndefu kwenye vijia vyake vya ndani, uloweshwe kwenye kemikali ya kuua vijidudu, usuuzwe, kisha ukaushwe hadi ndani kabisa, kwa sababu unyevu ukibaki usiku kucha bakteria watazaliana. Kanuni iliyohalalisha utaratibu huo ilitoka kwa Earle Spaulding wa Philadelphia: kinachoingia kwenye damu au viungo visivyo na vijidudu lazima kitakaswe kabisa, kinachogusa utando laini tu, kama wa koo au utumbo, chatosha kuuliwa vijidudu kwa kiwango cha juu. Endoskopi, yaani vifaa hivi vya kuchungulia ndani ya mwili, ziliwekwa kundi la pili.

Duodenoskopu haikai vizuri kwenye kundi hilo. Baada ya William McCune na wenzake wa Washington kufanikiwa, mwaka 1968, kufikia mlango wa mifereji ya nyongo na kongosho kwa kupitia mdomoni, kifaa hiki kilikuja kuwa cha kutibu pia. Waya na vikamatio hutoka pembeni mwa ncha yake kwenda kuvuta mawe au kuzibua mfereji, mahali ambapo kwa kawaida hapana vijidudu. Ili waya uelekee juu, kwenye ncha pana kinyanyuzi, kipande kidogo cha chuma kinachoinuka na kulala daktari akizungusha kidude cha mkononi. Nyuma ya kinyanyuzi pana kijishimo, na humo uchafu wa utumbo, nyongo na damu hujikusanya. Bakteria wakishajenga utando wao hapo, kemikali hupita juu tu. Tayari mwaka 1987 majarida ya tiba yaliandika juu ya wagonjwa walioambukizwa bakteria wa Pseudomonas katika nyongo kwa kifaa cha namna hii.

Kampuni ya Olympus ya Japani ilileta dawa yake mwaka 2010: modeli ya TJF-Q180V, ambamo kijia cha waya wa kinyanyuzi kilizibwa ili uchafu usipenye. Wazo zuri, lakini kilichozibwa brashi haiingii, na kofia ya ncha ilikuwa haivuliki. Mwaka 2012, hospitali ya Erasmus mjini Rotterdam ilipoona Pseudomonas sugu ikihama kwa wagonjwa, ilifanya ambacho wengine hawakufanya: ikakifungua kifaa chenyewe. Bakteria wale wale walikuwa chini ya kinyanyuzi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Januari 2013 Olympus ilizitahadharisha hospitali za Ulaya. Za Marekani hazikupata onyo hilo hadi Februari 2015, wakati hospitali ya UCLA mjini Los Angeles ilipotangaza kwamba wagonjwa 7 wameambukizwa na zaidi ya 170 wako hatarini. Ripoti ya Seneti iliyotolewa Januari 2016 na Patty Murray, seneta wa jimbo lenye Seattle, ilihesabu wagonjwa wasiopungua 250 duniani katika milipuko 25. Mahakamani, mwaka 2017, Olympus bado ilidai kosa ni la waoshaji wa Seattle. Wazee wa baraza waliiamuru iilipe hospitali dola milioni 6.6, na hospitali nayo ikaamriwa kulipa milioni 1 kwa familia ya mgonjwa aliyefariki. Desemba 2018 kampuni ilikiri kosa la jinai la kutowasilisha taarifa za maambukizi kwa mamlaka, ikatozwa dola milioni 85.

Hata hivyo, sampuli zilizochukuliwa baadaye kwenye vifaa vilivyokwisha kuoshwa zilionyesha hadi asilimia 5.4 bado vina vijidudu vya hatari. Agosti 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizitaka hospitali zihamie modeli zenye ncha za kutupwa, na Desemba ikaruhusu duodenoskopu ya kwanza inayotumika mara moja tu.