Vumbi la Lucretius: Ushairi Mbele ya Wanafizikia

Wapo wenzetu wa Fizikia wanaodai kwamba shairi juu ya sayansi ni pambo tu: eti ukweli hutoka maabara, mshairi anaupaka rangi. Na sisi wa Fasihi tunawapa nguvu, maana tukiwasomea shairi tunaishia kusifu tamathali. Historia inasema vingine.

Lucretius, mshairi wa Roma wa karne ya 1 K.K., alitunga shairi refu la vitabu 6, De Rerum Natura, kufafanua nadharia ya atomu aliyoirithi kwa Epicurus. Katika kitabu cha 2 anamtaka msomaji atazame vumbi linavyochezacheza ndani ya mwale wa jua uingiao chumba chenye giza. Chanzo cha mchezo ule, kwa maoni yake, ni vitu vidogo tusivyoviona. Hapo tamathali ni hoja yenyewe: inamtoa msomaji kwenye kionekanacho na kumpeleka kwenye kisichoonekana.

Shairi hilo lilikuwa limesahaulika mpaka Poggio Bracciolini alipokuta nakala yake mwaka 1417. Mwaka 1873, mjini Bradford, Uingereza, James Clerk Maxwell, ambaye naye alitunga mashairi ya utani juu ya fizikia, aliwahutubia wanasayansi kuhusu molekuli, na mfano wa vumbi hakuuacha nje. Mwaka 1905 Einstein akakokotoa jinsi molekuli zinavyosukuma chembe ndogo zilizomo katika kimiminika. Jean Perrin akathibitisha kwa vipimo, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobel.

Muhula huu nimelijadili fungu hilo na wanafunzi kadhaa wa Fizikia. Mmoja akapinga papo hapo: vumbi la dirishani huchukuliwa zaidi na mikondo ya hewa, siyo mapigo ya molekuli! Kweli kabisa. Lakini tazameni, jamani: alimjibu mshairi kwa hoja. Hakusema "zuri" akanyamaza. Pambo halijibiwi hivyo.

Washairi wetu wa pwani nao walifundisha dini, adabu na historia kwa tenzi, na vina havikuipunguza elimu hiyo.

Basi tukienda tena kwa wanasayansi, tusiende kama wauza maua. Twende na shairi lenye dai, tuwaache walipinge. Likisimama, tutalisoma upya. Likianguka, tutajua limeangukia wapi.