Kiboksi cha siga kilichouzwa dola 574,500, na kisu cha msokotaji asiye na jina

Aprili 1996, jijini New York, kulikuwa na mnada wa vitu vya mjane wa rais mmoja wa zamani wa Marekani. Kati ya vilivyopita mbele ya matajiri siku zile kilikuwepo kiboksi cha mbao. Hakikuwa na dhahabu wala almasi ndani. Kilikuwa kiboksi cha kutunzia siga, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku ambazo wasanii wanapenda kuzishika kwenye video hata kama hawazivuti. Rais alipewa na mchekeshaji mmoja maarufu wa televisheni kama zawadi ya kuapishwa kwake, Januari 1961. Mnada ulipokwisha, bei iliyolipwa ilikuwa dola 574,500. Kiboksi tu, mdau!

Rais huyo alikuwa mpenzi wa siga kwelikweli. Mwanzoni mwa 1962 alimwita msemaji wake ofisini, akamwambia anahitaji msaada: atafutiwe siga za Cuba kama 1,000 hivi, na ziwe zimepatikana kufikia kesho yake asubuhi. Jamaa akazunguka maduka ya Washington usiku, akarudi na 1,200. Rais aliposikia hesabu akatabasamu, akafungua droo, akatoa karatasi na kuisaini. Ilikuwa amri ya kupiga marufuku biashara na Cuba. Kuanzia hapo Mmarekani wa kawaida akinunua siga ya Cuba anavunja sheria, wakati mkubwa keshajaza kabati. Msemaji mwenyewe ndiye aliyekuja kusimulia hayo miaka mingi baadaye.

Sasa mtu mwenye siga 1,200 ana kazi moja kubwa, nayo ni kuzitunza. Siga inavuta unyevu na kuutoa kama sponji. Cuba ni kisiwa, hewa yake ina maji, kwa hiyo pale siga inakaa vizuri. Ipeleke London au Chicago wakati wa baridi, ndani ya nyumba yenye moto unaokausha hewa, na baada ya muda jani la nje linapasuka, moshi unakuwa mkali na ladha inakwenda zake. Ndiyo maana kikaja kiboksi. Lengo lake ni kumdanganya siga aone bado yuko Havana: unyevu wa asilimia 65 hadi 70, joto la nyuzi 18 hadi 21. Ikizidi hapo inaota ukungu. Joto likipanda sana mayai ya mdudu mmoja mdogo wa kahawia yanaanguliwa, na mdudu huyo anatoboa siga kama anavyotoboa fukusi kwenye mahindi. Kwa mtu wa Dar es Salaam basi shida siyo kukauka sana, shida ni joto. Na wale wanaoziweka kwenye friji pamoja na samaki, mwisho wake wanaujua wenyewe.

Ndani ya kiboksi hupigwa mbao za mti unaoitwa mwerezi wa Kihispania. Jina linapotosha kidogo, maana si mwerezi wa kweli, ni ndugu wa mkangazi. Mbao zake zina harufu nzuri na zinavumilia unyevu. Mti huohuo uliletwa Tanzania, na kwenye msitu wa Kimboza, Morogoro, umesambaa mpaka unaisumbua miti ya asili. Lakini matajiri hawakugundua wenyewe habari ya mbao hizi. Viwandani Havana siga zikishasokotwa zilikuwa zinalazwa kwenye makabati ya mbao hizo ili unyevu wa ziada upungue kabla ya kufungwa kwenye maboksi. Kiboksi cha laki tano na sabini na nne ni mtoto wa kabati la kiwandani.

Na kukata? Hapo ndipo wengi wanapochemka. Siga nzuri huja ikiwa imezibwa upande wa mdomoni. Msokotaji anachukua kipande kidogo cha jani, anakipaka gundi ya mimea isiyo na ladha, anakivisha kichwani kama kofia. Kofia hiyo ndiyo inayolishika jani zima la nje lisifumuke. Kwa hiyo mkataji anatakiwa aondoe kofia kidogo tu, milimita mbili hivi, juu ya pale inapoishia. Akishuka chini zaidi, siga inaanza kufunguka mdomoni kama khanga iliyofungwa vibaya. Zamani wengi walitumia meno au kisu cha mfukoni. Karne ya 19 mabwana wa Ulaya wakaanza kutembea na vikata siga vidogo vinavyoning'inia kwenye mnyororo wa saa, vingine vya fedha, na kukata siga mbele za watu ikawa namna ya kujionyesha.

Kile kisu kingine hakikuning'inia popote. Wacuba wanakiita chaveta, kisu cha bapa chenye umbo la nusu mwezi, hakina mpini. Msokotaji anakitumia kupunguza jani, kulilainisha mezani na kukata ile kofia. Anakaa kwenye benchi kutwa nzima, mamia ya wenzake wakiwa safu kwa safu, mikono ina kazi lakini masikio yako wazi. Mwaka 1865, kwenye kiwanda kimoja cha Havana, wakaanza kumweka mtu wa kuwasomea kwa sauti. Asubuhi magazeti, baadaye riwaya. Na msomaji hakulipwa na bosi. Wasokotaji walichanga wenyewe kutoka kwenye ujira wao, na kitabu walikichagua kwa kura. Kikiwafurahisha waligonga chaveta zao mezani kwa pamoja, ukumbi mzima ukalia chuma.

Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Hispania ikapiga marufuku usomaji huo. Iliona mbali, kwa maana mtu asiyejua kusoma alikuwa akimaliza siku anajua habari za migomo ya Ulaya kuliko karani wa serikali. Marufuku haikudumu. Riwaya moja ya Kifaransa kuhusu mfungwa aliyetoroka na kulipiza kisasi ilipendwa mno viwandani, na mwaka 1935 jina lake likawa jina la siga: Montecristo. Leo linaandikwa kwenye vikata siga vya bei mbaya, na wanaovishika wengi hawajui kwamba jina hilo lilitoka masikioni mwa vibarua.

Wasokotaji waliohamia Florida, hasa Tampa, waliondoka na msomaji wao. Huko ndiko walikochangia pesa za kupigania uhuru wa Cuba, na watu wa Tampa bado wanasimulia kwamba amri ya kuanza vita ya 1895 ilivushwa bahari ikiwa imesokotwa ndani ya siga. Kama ni kweli, basi hakuna siga iliyowahi kutunzwa kwa uangalifu kuliko hiyo.

Wenye viwanda hawakusahau. Mwaka 1931 mabosi wa Tampa waliamua kuwaondoa wasomaji, wakidai wanaingiza siasa za mrengo wa kushoto kazini. Wasokotaji wakaacha kazi. Viwanda vikafungwa, njaa ikaingia majumbani, maana ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Waliporudi kazini msomaji hakuwepo. Kwenye kumbi zilewekwa redio, na stesheni hawakuichagua wao. Polepole na mashine zikaongezeka, nyingi zikiendeshwa na wafanyakazi wa ujira mdogo zaidi.

Havana msomaji bado yupo. Anapanda kwenye kiti chake asubuhi, anafungua gazeti, na chini yake safu za watu zinaendelea kuvisha kofia. Akisoma vizuri, chaveta zinagongwa mezani.