Udi wa Kijapani si wa wakubwa pekee

Kuna kasumba inazunguka mtandaoni: eti kama udi wako wa Kijapani si wa ule mti wa bei kali, basi bado hujanusa kitu. Mimi nabisha. Na nitabisha kwa historia.

Twende mwaka 595. Kitabu cha kale cha Japani, Nihon Shoki, kinasimulia kwamba gogo lilisukumwa na bahari hadi kisiwa cha Awaji. Wenyeji wakalitia motoni na kuni zingine. Moshi uliponukia, wakashtuka, wakalipeleka kwa watawala. Lilikuwa gogo la udi, udi ule ule ambao watu wa Lamu na Mombasa hufukizia nguo na nyumba. Mti wenyewe hutoka Asia ya Kusini-Mashariki, na haunukii hivi hivi. Lazima kwanza ujeruhiwe, uingiwe na kuvu, ndipo utoe utomvu mzito wa kujikinga. Hapo ndipo bei inapotoka.

Basi harufu ikawa mali ya wakubwa. Pale Nara kuna gogo moja linaitwa Ranjatai, kilo 11.6, limetunzwa kwa karne nyingi. Mwaka 1574 mbabe wa vita Oda Nobunaga alipata ruhusa ya mfalme akalikata kipande. Yaani jamaa ana majeshi, lakini ili watu wajue yeye ndiye mkubwa, anaenda kukata kipande cha mti!

Kilichovunja hayo mambo ni kijiti. Ufundi wake ulitoka China, na mwishoni mwa karne ya 16 mji wa Sakai ukawa unatengeneza. Unachukua unga wa sandali, mdalasini, karafuu (ndiyo, ile ya pilau), unakanda na unga wa gome la mti uitwao tabu, unakausha. Hakuna ufito wa mwanzi katikati kama vijiti vya India, kwa hivyo husikii harufu ya kuni ikiungua. Kikawa kitu cha kazi. Hata geisha walihesabiwa malipo kwa idadi ya vijiti vilivyoteketea. Na Awaji, kile kisiwa cha gogo, kilianza kutengeneza vijiti mwaka 1850, na leo sehemu kubwa ya udi wa Japani hutoka huko.

Mimi nawasha Mainichi-koh ya sandali. Jina lenyewe maana yake ni udi wa kila siku, sasa unataka ushahidi gani tena? Inanukia kavu, tamu kidogo, kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Keja yangu ni chumba kimoja, na nikikaanga omena, hiyo ndiyo inaniokoa. Ya maua ya plamu niliipa wiki moja tu. Inanukia kama sabuni ya wageni. Ya udi halisi ni chungu, nzito, kama dawa ya miti shamba iliyowekwa sukari guru. Nzuri, sikatai. Lakini nikiiwasha najikuta nimekaa wima kama niko kwa wazee, na mimi nilitaka kulala tu.

Kijiti nakivunja nusu. Dirisha nafungua kidogo, maana moshi ni moshi tu, hata ukitoka Japani.