Holga: Kamera ya Plastiki na Haiba ya Ila Zake

Mwaka 1982, mjini Hong Kong, ilitoka kamera iitwayo Holga, iliyobuniwa na Lee Ting-mo. Ilikuwa ya plastiki, hata lenzi yake, mfano wa kitu cha kuchezea watoto. Ilitumia filamu ya 120, iliyopatikana kwa wingi nchini China, nayo ilikusudiwa familia za wafanyakazi wenye kipato kidogo, ili nao waweke kumbukumbu za jamaa zao. Haukupita muda, filamu ya milimita 35 ikaenea, na wanunuzi wa huko wakaipa Holga kisogo.

Wapenzi wapya wakatokea ng'ambo. Walichokipenda ndicho ambacho fundi angekiita ila: katikati ya picha huonekana, kingo hufifia, pembe humezwa na giza, mwanga hupenya kwenye maungio na kuacha michirizi. Mpigaji akisahau kuizungusha filamu, picha ya pili huilalia ya kwanza. Mwaka 2000, David Burnett alimpiga picha Al Gore kwa Holga katika kampeni za urais wa Marekani. Mwaka 2001 picha hiyo ikatuzwa.

Hata hivyo, haiba hiyo ni ya mwenye hiari. Aliye na kamera nyingine kabatini huuona ukungu kuwa ushairi. Mzazi asiye na nyingine hutaka uso wa mwanawe uonekane, na harusi hairudiwi. Uundaji wa Holga ulisita mwaka 2015, ukarejea mwaka 2017. Wanaoinunua sasa huzinunua ila zilezile ambazo wanunuzi wa awali walizivumilia tu.